Nani Amemwona Akifanya Nini? Somo kuhusu Hofu, kutoka Marekani hadi Kasindi

Na afisa wa nyanjani, Kasindi, Kivu ya Kaskazini



Mwezi wa Julai 2025 kikundi chetu cha mazungumzo kilikutana hapa Kasindi kama kawaida. Siku chache kabla, tarehe 27 Juni, redio zilikuwa zimetangaza kwamba mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda wametia sahihi mapatano ya amani mjini Washington. Tulikuwa tumepanga kuzungumzia maji ya mtaa, lakini hakuna aliyetaka maji. Kijana mmoja mwendesha pikipiki alisema, “Wamarekani walituuzia vita, sasa wanatuuzia amani.” Mzee mmoja akaongeza, “Hata wakati wa Lumumba ilikuwa hivyo hivyo. Kila kitu kinapikwa kule.” Wengi walitikisa kichwa kukubali. Ndipo mama mmoja muuza samaki akauliza: “Sasa wazee wangu, kama kila kitu kinapikwa kule, sisi tunakutana hapa kwa nini?”

Sikuwa na jibu. Nilipofika nyumbani nilikumbuka jambo lililotokea miezi michache kabla ya siku hiyo.

Asubuhi moja nilikuta watu wamemzunguka kijana mgeni kwenye parkingi ya magari. Usiku uliotangulia kulikuwa na habari za shambulio upande wa barabara ya Beni. Kijana yule hakujua Kinande, Kiswahili chake kilikuwa cha mbali, na kadi yake ya uchaguzi ilikuwa imechakaa hata jina halisomeki. Katika mfuko wake walikuta panga. Mtu mmoja alisema, “Ni wao.” Baada ya neno hilo hakuna aliyeuliza tena, na wengine walikwisha kuokota mawe. Mama mmoja muuza mandazi ndiye aliyesukuma watu akaingia katikati, akauliza kwa sauti: “Nani amemwona akifanya nini?” Wote kimya. Akauliza mara ya pili. Mtu akakimbia kumwita mwenye shamba aliyetajwa na kijana, naye akaja akasema huyu ni kibarua wake wa kuvuna kakao. Kijana akaokoka.

Mimi mwenye shahada ya chuo kikuu, mwenye vyeti vya mafunzo ya utatuzi wa migogoro, nilikuwa nimesimama pale muda wote. Nilinyamaza.

Naona mambo haya mawili, mazungumzo ya Washington na mawe ya parkingi, ni somo moja. Kwa hiyo nimeandaa makala hii ya kujifunza kwa ajili ya vikundi vyetu. Tutaangalia jinsi hofu ya vita ilivyofanya kazi katika nchi kubwa ya Marekani, jinsi ilivyofika mpaka Kongo yetu, na jinsi baadhi ya Wamarekani walivyojaribu kuirekebisha. Kila mahali tutauliza swali la yule mama: nani amemwona akifanya nini?

LENGO LA SOMO

Mwishoni mwa somo hili washiriki waweze:
- kueleza jinsi hofu ya kweli inavyoweza kuzaa adui wa kudhaniwa;
- kutofautisha jambo lililothibitishwa na uvumi, hata linapohusu nchi kubwa;
- kukubaliana juu ya hatua za kuchukua katika mtaa mtu anaposhukiwa.

1. MAREKANI, 1941–1945: JIRANI ANAGEUZWA ADUI

Tarehe 7 Desemba 1941 ndege za Japani zilishambulia bandari ya Pearl Harbor, katika visiwa vya Hawaii. Wamarekani zaidi ya 2,400 walikufa. Hofu iliyofuata haikuwa ya upumbavu, kwa sababu adui alikuwapo na alikuwa ameua.

Lakini katika majimbo ya pwani ya magharibi waliishi watu wenye asili ya Japani: wakulima wa mboga, wavuvi, wenye maduka, wanafunzi. Yapata theluthi mbili yao walikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Tarehe 19 Februari 1942 Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi amri namba 9066, iliyowapa wakuu wa jeshi uwezo wa kuwahamisha watu. Watu karibu 120,000 waliondolewa majumbani, wakiwa na kile tu walichoweza kubeba mikononi. Walipelekwa katika kambi kumi zilizozungushiwa seng’enge na kulindwa na askari, nyingi zikiwa jangwani. Mashamba na maduka yao mengi yaliuzwa kwa bei ya kutupa.

Tuulize swali letu: nani aliwaona wakifanya nini? Jenerali John DeWitt, mkuu wa jeshi katika pwani ile, alitoa sababu ya ajabu. Alisema kwamba kwa kuwa hakuna hujuma yoyote iliyofanyika mpaka siku ile, hilo lenyewe ni dalili kwamba hujuma itafanyika. Tafadhali isomeni tena sentensi hiyo kwa sauti katika kikundi. Mtu akishukiwa namna hiyo hawezi kujitetea kamwe. Akitenda vibaya ana hatia, na asipotenda pia ana hatia.

Tusisahau jambo jingine. Baadhi ya wakulima weupe wa California walikuwa wameona wivu kwa muda mrefu juu ya mashamba ya majirani hao, nao walishinikiza waondolewe. Sisi wa hapa tunalijua hilo. Mara ngapi tumesikia mtu anatajwa kuwa mshirika wa waasi, na ukichimba chini unakuta ugomvi wa mpaka wa shamba?

2. MADINI YA KWETU KATIKA VITA VYAO

Wakati huo huo Kongo nayo ilikuwa imeingia katika vita hivyo bila kuulizwa. Katika mgodi wa Shinkolobwe, huko Katanga, kampuni ya Union Minière ilikuwa inachimba urani yenye ubora usiopatikana mahali pengine duniani. Mkurugenzi wake, Mbelgiji Edgar Sengier, alikwisha kupeleka tani zipatazo 1,200 za mawe hayo New York na kuzihifadhi katika ghala. Mwezi wa Septemba 1942 jeshi la Marekani lilizinunua. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa siri wa bomu la atomiki ilitoka Shinkolobwe. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la kwanza liliangushwa juu ya mji wa Hiroshima.

Mwaka 1946 Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani. Wakongomani waliochimba mawe yale hawakuwa wameambiwa ni ya kazi gani. Tangu hapo, mbele ya macho ya Washington, Kongo ikawa nchi isiyotakiwa kuangukia katika mikono ya mtu mwingine.

3. AMANI YENYE HOFU, 1945–1954

Vita viliisha lakini hofu haikuisha. Ilibadilisha jina tu. Umoja wa Kisovieti, uliokuwa mwenzi wa Marekani katika vita, sasa ukawa mshindani mkuu, na mwaka 1949 nao ulijaribu bomu lake la atomiki. Kipindi hicho tunakiita Vita Baridi.

Tuwe wakweli: Marekani ya wakati ule haikuongozwa na hofu peke yake. Kwa mpango wa Marshall, uliotangazwa Juni 1947, ilitoa dola bilioni 13 hivi kuzijenga upya nchi za Ulaya Magharibi, zikiwamo Ujerumani na Italia zilizokuwa adui wa jana. Kumjenga adui aliyeshindwa badala ya kumkamua ni jambo ambalo wajenzi wa amani bado wanalisoma. Lakini hata mpango huo ulikuwa na hofu ndani yake: watu wenye njaa, walifikiri, watawafuata Wakomunisti. Mwaka huo huo wa 1947 liliundwa shirika la ujasusi la CIA.

Ndani ya nchi yenyewe, mwezi wa Februari 1950, seneta Joseph McCarthy alisimama akadai kwamba ana orodha ya Wakomunisti waliojificha katika Wizara ya Mambo ya Nje. Idadi ya majina ilibadilika kila alipozungumza. Kwa miaka minne watu walimwogopa. Walimu, waandishi, wacheza sinema na wafanyakazi wa serikali walipoteza kazi kwa kutajwa tu, au kwa kukataa kuwataja wenzao. Nani aliwaona wakifanya nini? Aliyeuliza hivyo naye aliwekwa kwenye orodha. Mwaka 1954 hatimaye vikao vya Seneti vilionyeshwa katika televisheni, watu wakamwona McCarthy akiwatisha mashahidi bila ushahidi. Mwezi wa Desemba mwaka huo Seneti ilimlaani rasmi kwa mwenendo wake.

Kwa hiyo kabla hofu hii haijavuka bahari, ilikuwa imekwisha kuwaumiza Wamarekani wenyewe.

4. HOFU INAFIKA KONGO, 1960

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku chache baadaye askari waliasi dhidi ya maofisa wao Wabelgiji, na tarehe 11 Julai Katanga ikatangaza kujitenga, ikisaidiwa na Wabelgiji. Waziri Mkuu Patrice Lumumba aliomba msaada wa Umoja wa Mataifa. Mwisho wa Julai alisafiri mwenyewe mpaka Washington, akazungumza na waziri wa mambo ya nje Christian Herter. Hakupata alichokitafuta, yaani msaada wa kuwaondoa Wabelgiji na kuirudisha Katanga. Baada ya hapo akapokea ndege na malori ya Umoja wa Kisovieti.

Kwa Washington hilo lilitosha. Mwezi wa Agosti 1960 mkuu wa CIA, Allen Dulles, alimpelekea simu ya maandishi mtu wake wa Léopoldville, Larry Devlin, kwamba kumwondoa Lumumba ni lengo la haraka na la kwanza. Mwezi wa Septemba mkemia wa CIA, Sidney Gottlieb, alileta sumu mpaka Léopoldville. Haikutumiwa.

Nani alimwona Lumumba akifanya nini? Alikuwa mtu mwenye makosa yake kama kiongozi yeyote. Lakini ushahidi kwamba alikuwa chombo cha Moscow haukupatikana. Mwaka 1962, akiwa amekwisha kuacha kazi, Dulles mwenyewe alikiri katika televisheni ya Marekani kwamba hatari ya Wasovieti katika Kongo waliikuza mno. Lumumba alikuwa amekufa zaidi ya mwaka mmoja tayari.

Hapa tuangalie kwa makini, maana ndipo lilipo jibu la yule mama muuza samaki. Rais Kasavubu alitangaza kumfukuza Lumumba tarehe 5 Septemba 1960. Kanali Mobutu alichukua madaraka tarehe 14 Septemba. Askari wa Mobutu ndio waliomkamata Lumumba mapema mwezi wa Desemba huko Sankuru. Wakuu wa Léopoldville ndio waliompeleka Katanga, kwa adui zake, tarehe 17 Januari 1961. Usiku huo, mbele ya viongozi wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji, alipigwa risasi pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Hofu ilitoka mbali, fedha na ushauri vilitoka mbali, lakini njia yote mikono ya wenyeji ilitumika.

5. GHARAMA YA RAFIKI WA LAZIMA

Mwaka 1964 waasi wa Simba waliteka sehemu kubwa ya mashariki. Wazee wa kwetu bado wanakiita kipindi hicho wakati wa Mulele. Tarehe 24 Novemba mwaka huo ndege za Marekani ziliwashusha wanajeshi wa Kibelgiji Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, ili kuwaokoa mateka wa kigeni. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 24 Novemba 1965, Mobutu alichukua madaraka yote.

Alikaa zaidi ya miaka 31. Marais wa Marekani wa vyama vyote viwili walimpokea, kuanzia Kennedy mwaka 1963, alipokuwa bado mkuu wa jeshi, hadi George Bush baba mwaka 1989. Hawakuwa vipofu. Walijua kuhusu wizi wa mali ya umma na magereza. Lakini alikuwa upande wao dhidi ya Wakomunisti, na hilo lilifunika mengine. Vita Baridi vilipokwisha, rafiki hakuhitajika tena. Bunge la Marekani likapunguza msaada, na Zaire ikaachwa na dola lililokwisha kuoza. Barabara zetu, mishahara ya walimu na nidhamu ya askari vilioza pamoja nalo. Katika pengo hilo, katikati ya miaka ya 1990, ndimo waasi wa ADF kutoka Uganda walipopata kujificha chini ya milima ya Ruwenzori.

Sisemi kwamba Washington iliwaumba ADF, maana hakuna ushahidi wa jambo hilo. Nasema kwamba anayemtegemeza mtu mmoja badala ya kujenga taasisi huacha nyumba bila mlango, na mwizi yeyote anaingia.

6. WAMAREKANI WALIOULIZA

Tunaposema “Wamarekani”, tunasema kana kwamba ni mtu mmoja. Haikuwa hivyo. Tarehe 15 Februari 1961, siku mbili baada ya kifo cha Lumumba kutangazwa, Wamarekani weusi waliingia katika ukumbi wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, New York, wakapinga kwa sauti mpaka kikao kikasimama. Kati yao walikuwapo mwimbaji Abbey Lincoln na mwandishi Maya Angelou. Walikuwa watu ambao katika majimbo ya kusini ya nchi yao wenyewe wengi walizuiwa kupiga kura mpaka sheria ya mwaka 1965. Tarehe 4 Aprili 1967 mchungaji Martin Luther King alisimama hadharani kuipinga vita ya Vietnam, ingawa marafiki zake wengi walimshauri anyamaze. Vita hiyo iliua Wamarekani zaidi ya 58,000 na raia wa Vietnam wengi kuliko hao mara nyingi.

Mwaka 1975, baada ya Vietnam na baada ya Rais Nixon kujiuzulu kwa sababu ya kashfa ya Watergate, Seneti iliunda kamati chini ya seneta Frank Church kuchunguza mashirika ya ujasusi. Kamati iliita mashahidi, ikasoma simu za siri, na mwezi wa Novemba 1975 ikachapisha ripoti. Humo ndimo dunia ilimosoma habari za sumu ya Léopoldville. Kamati ilisema mambo mawili kwa pamoja: kwamba mpango wa kumwua Lumumba ulikuwapo kweli, na kwamba haikupata ushahidi kuwa CIA ilishiriki moja kwa moja katika mauaji yenyewe ya Katanga. Mwezi wa Februari 1976 Rais Gerald Ford alitoa amri ya kukataza wafanyakazi wa serikali kushiriki katika mauaji ya kisiasa. Mwaka 2013 Wizara ya Mambo ya Nje ilichapisha hati nyingine nyingi za Kongo, zikiwamo za malipo ya siri kwa wanasiasa wetu.

Zingatieni jinsi kamati ile ilivyofanya kazi. Haikusema zaidi ya ilichokiona, wala pungufu. Anayetaka kuituhumu nchi kubwa anahitaji nidhamu ile ile anayoihitaji anayemtuhumu kibarua wa kakao: majina, tarehe, mashahidi. Maneno ya “kila kitu kinapikwa kule” hayamsumbui mwenye nguvu hata kidogo. Hati yenye tarehe inamsumbua.

7. NANI ALIOMBWA RADHI?

Mwaka 1983 tume ya serikali ya Marekani ilieleza kwamba Wajapani wa pwani ya magharibi hawakuhamishwa kwa sababu ya kijeshi, bali kwa ubaguzi, taharuki ya vita na viongozi kushindwa kuongoza. Hakuna tendo hata moja la ujasusi au hujuma lililothibitishwa juu yao. Tarehe 10 Agosti 1988 Rais Reagan alitia sahihi sheria ya kuwaomba radhi, na kila aliyekuwa kambini na bado yu hai akapewa dola 20,000. Miaka 46 ilikuwa imepita tangu amri ya Roosevelt.

Kwa upande wa Kongo, tume ya bunge la Ubelgiji ilikiri mwaka 2001 kwamba baadhi ya mawaziri wa Ubelgiji walibeba wajibu wa kimaadili katika kifo cha Lumumba, na serikali yake ikaomba radhi mwaka 2002. Mwezi wa Juni 2022 jino lake, sehemu pekee ya mwili iliyobaki, lilirudishwa kwa familia yake. Marekani ilifungua hati zake. Lakini sheria kama ile ya mwaka 1988 kwa ajili ya Wakongomani haijatungwa.

Tusilifiche jambo hili katika vikundi. Nchi kubwa hujirekebisha kwanza kwa ajili ya raia wake wanaopiga kura. Walio mbali husubiri. Kwa hiyo tuwaheshimu Wamarekani waliouliza, tusome hati walizozifungua, lakini tusikae tu tukingoja wao waulize kwa niaba yetu.

8. TURUDI KASINDI

Hofu yetu ni ya kweli, kama Pearl Harbor ilivyokuwa ya kweli. Tangu Oktoba 2014 raia wa Beni wanauawa kwa mapanga na risasi. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka katika kanisa hapa kwetu Kasindi watu wakiwa katika ibada ya ubatizo, na zaidi ya kumi walikufa. Mwezi wa Juni mwaka huo wanafunzi waliuawa shuleni ng’ambo ya pili ya mto, Mpondwe. Hatuwezi kuwaambia watu wasiogope.

Lakini tunaweza kuizuia hofu isituchagulie adui. Mgeni asiyejua Kinande, mwenye jina la Kiislamu, mkimbizi aliyefika jana na godoro kichwani, mfanyabiashara anayelala Uganda na kuamka Kongo: hao ndio Wajapani wetu wa California. Na mpaka huu wetu unatufundisha zaidi. Wakonzo wa Mpondwe na Wanande wa Kasindi wana lugha moja na mababu wale wale. Ukianza kumshuku kila aliyetoka ng’ambo, utamshuku na shemeji yako.

Mama yangu muuza samaki, jibu langu ni hili, ingawa limechelewa. Hatuwezi kuzuia hofu inayopikwa Washington, wala Kinshasa, wala Kigali. Lakini hofu ya mbali haifiki mpaka ipate mikono ya hapa. Mwaka 1960 iliipata. Tunakutana hapa ili isiipate tena.

Vikundi vyetu vitatu vimekubaliana juu ya hatua hizi mtu anaposhukiwa:

a) Uliza kwa sauti: nani amemwona, akifanya nini, wapi na lini? “Nimesikia” si jibu.
b) Uliza: je, kuna deni, shamba au ugomvi kati ya anayetuhumu na anayetuhumiwa?
c) Mtafute mtu anayemjua aliyeshukiwa kabla ya kufanya lolote: mwajiri, mwenye nyumba, kiongozi wa dini yake.
d) Mwiteni mkuu wa mtaa, na mshukiwa apelekwe kwa wenye mamlaka mbele ya watu watatu wanaojulikana, ili asipotee njiani.
e) Kama hatari inaonekana ni ya kweli, toeni taarifa mara moja. Kuuliza ushahidi hakuna maana ya kulala.

Hatua ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu anayeuliza hushukiwa naye. Ndiyo maana tunashauri wasiulize peke yao. Wakubaliane mapema watu watano au sita wa kila mtaa, wanawake wakiwamo, kwamba mmoja wao akiuliza, wengine watarudia swali lake palepale.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kwa nini maneno ya Jenerali DeWitt yaliwaridhisha watu wengi wenye akili? Je, tumewahi kusikia maneno ya namna hiyo hapa kwetu?
2. Katika habari ya mwaka 1960, ni wapi mkono wa Mkongomani ungeweza kukataa? Ingemgharimu nini?
3. Tunajua nini kwa hakika kuhusu mapatano ya Washington ya mwaka 2025, na nini tumesikia tu? Andikeni katika safu mbili.
4. Ni nani “Wajapani wa California” katika mtaa wenu? Je, yupo mmoja wao katika kikundi hiki? Kama hayupo, kwa nini?
5. Kuomba radhi baada ya miaka 46 kuna faida gani? Kuna mtu au familia ambayo mtaa wetu unapaswa kuiomba radhi leo?

ZOEZI

Igizeni tukio la parkingi. Mara ya kwanza mtu mmoja peke yake aulize swali. Mara ya pili aulize, na wengine wanne walirudie. Kisha yule aliyeigiza mshukiwa aeleze alijisikiaje mara zote mbili.

Tulipofanya zoezi hili Kasindi, nilijitolea kuwa mtu wa pili wa kurudia swali. Ni maneno manne tu. Sauti yangu ilitetemeka hata katika mchezo, lakini safari hii ilitoka.